Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Upangaji wa Ardhi Pembezoni mwa Mtwara

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zitasomwa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia suala lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, nalo ni mashamba ya mikorosho yaliyo pembezoni mwa Manispaa ya Mtwara Mikindani, ambayo yanakatwa viwanja na kuuzwa kabla mchoro wa mipango miji haujaandaliwa.

Tangu Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, Toleo la 2023, izinduliwe Machi 2025, mjadala kuhusu makazi holela umepamba moto. Wapo wanaotegemea urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, na chama kinauunga mkono pale ambapo nyumba zimekwisha kusimama, kwa kuwa mwenye nyumba anastahili hati. Lakini urasimishaji hauwezi kurudisha nafasi iliyokwisha kujengwa. Katika mtaa mmoja ambao kamati yetu iliutembelea, bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, imechimbiwa kando ya kibaraza, na njia inayoitwa barabara kwenye mchoro inaishia kwenye ukuta wa choo. Mgonjwa hubebwa hadi barabara kuu, na eneo la shule halikupatikana, kwa sababu kila kipande kilikuwa na mwenyewe.

Mji wetu unaonyesha faida ya kupanga kabla ya kujenga. Mtwara ilichorwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya mradi wa karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuacha mwaka 1951. Mradi ulishindwa na reli ya Nachingwea ikang'olewa, lakini barabara pana za katikati ya mji zimebaki, nasi tunazitumia hadi leo. Mpango ulionusurika kushindwa kwa uchumi uliouzaa haupaswi kudharauliwa, hasa na sisi tulioona bei za viwanja zikipanda na kushuka kwa kufuata habari za gesi asilia ya Mtwara.

Wenye mashamba wana hofu kwamba kupangiwa ni kunyang'anywa, na hofu hiyo ina msingi. Ardhi ya kijiji ikihamishiwa kwenye ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, mkutano mkuu wa kijiji hupoteza kauli juu yake. Ndiyo maana wanachama wanapaswa kujua kwamba Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, na kwamba fidia hiyo huzingatia thamani ya ardhi yenyewe, wala haiishii kwenye mikorosho na majengo.

Kwa maoni yangu, njia iliyo bora ni majirani kuchangia ardhi kwa uwiano: kila shamba litoe sehemu yake kwa ajili ya barabara, shule na mifereji ya maji ya mvua, kisha kila mmoja abaki na viwanja vilivyopimwa kwa jina lake. Si haki kwamba yule ambaye barabara imeangukia shambani mwake apoteze kila kitu, huku jirani yake akinufaika na kupanda kwa bei.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uidhinishe kamati kupeleka pendekezo hilo kwa maandishi katika ofisi ya mipango miji ya manispaa, na uwaombe wanachama wenye mashamba wasiuze kipande chochote hadi majibu yatakapopatikana.