Kuhusu dawa za Idi

Zuhura ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila shangazi bado miguu inamsumbua. Nimesoma ujumbe wako nikaona nikuandikie, maana kwenye simu tungeishia kulia tu.

Unasema Idi ameambiwa ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, kaanza dawa, na sasa usiku halali lakini asubuhi ana nguvu kutushinda sote, anaongea mpaka watu wanakosa pa kupenyeza neno. Hapo ndipo niliposhtuka. Je, daktari anajua habari ya ule ukuta? Idi alibomoa ukuta wa jikoni saa nane usiku, huku anaimba, na wiki hiyohiyo akakopa pesa za kufungulia biashara tatu. Tulicheka, tukasema kachangamka.

Mtu hupelekwa hospitali akiwa chini. Akiwa juu anajiona mzima kuliko wote, na nani atamwambia anaumwa? Kwa hiyo daktari anasikia nusu ya habari, na ile nusu ya chini ya bipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu mno kisha kushuka chini mno, inafanana sana na sonona ya kawaida. Hakuna kipimo cha damu kinachozitenganisha. Damu wanapima kuangalia mengine, kama tezi ya thairoidi. Kinachotenganisha ni historia: kulala kwa muda wa saa mbili tatu tu bila kuchoka, mawazo yanayokimbia, matumizi ya ovyo. Hali hiyo ikidumu siku 4 mfululizo, daktari huanza kufikiria bipola. Ikifika wiki nzima, au ikabidi alazwe, ni mania yenyewe, yaani ile hali ya juu iliyokolea.

Na kinachonikosesha raha ni hizo dawa. Dawa za sonona zikitumika peke yake kwa mwenye bipola zinaweza kumrusha juu. Lakini Zuhura, msiziache wenyewe! Mpigieni daktari leo, asingoje tarehe ya kliniki. Ikiwa ni bipola, zipo dawa za kutuliza hisia, kama lithiamu, ambayo hiyo sasa kiwango chake hupimwa kwenye damu mara kwa mara. Nenda naye wewe mwenyewe. Idi hatausema ule ukuta, kwake ilikuwa wiki njema.

Jana alilala kwa muda wa saa ngapi? Ameshika pesa za nani sasa hivi? Baba yake mdogo, yule aliyekuwa akilazwa, waliwahi kutaja ugonjwa gani? Na amewahi kutamka kwamba anataka kufa? Kama ndiyo, asibaki peke yake hata kidogo, mpeleke hospitali usiku huuhuu. Nije?

Wako,
Mwana