Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa kaunti yetu: desmodiamu iwekwe kwenye bajeti

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili si langu peke yangu. Ni la kila mkulima wa kanda hii ya ziwa aliyewahi kuingia shambani asubuhi akakuta mahindi yamezungukwa na maua ya zambarau. Mgeni apitaye barabarani huona urembo. Sisi tukiyaona tunajua msimu umeshaharibika. Hiyo ni kayongo, gugu ambalo wengine huliita kiduha, na mpaka ichanue huwa imenyonya mizizi ya mahindi kwa majuma mengi huko chini ambako jembe halifiki.

Mama yangu alipigana nayo kwa mikono miaka yote ya ukulima wake. Aliing'oa, akairundika kando ya njia, akaichoma. Msimu uliofuata ilirudi palepale. Hakuwa mvivu wala hakukosea. Shina moja la kayongo hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo huweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Mzizi wa mahindi au mtama ukipita karibu, hutoa kemikali ambazo mbegu ya kayongo huzitambua. Ndipo inapoota na kujishikiza. Mama aling'oa mimea aliyoiona, lakini ghala la mbegu lilibaki chini ya miguu yake.

Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu desmodiamu.

Ni mmea wa jamii ya kunde, wenye majani matatumatatu kama klova, unaotambaa chini na kufunika udongo. Maganda yake hukatika vipandevipande na kung'ang'ania nguo. Mimi nikitoka shambani jioni huketi kibarazani nikiyabandua kwenye suruali kimoja kimoja. Asili yake ni bara la Amerika. Mizizi yake hutoa kemikali za namna mbili: zipo zinazoiamsha mbegu ya kayongo, na zipo zinazoudumaza mzizi wake mchanga usiweze kuufikia mzizi wa mahindi. Mbegu imeshaamka, haina pa kunyonya, inakufa. Kila msimu ghala linapungua. Palizi haijawahi kutufanyia hivyo, wala dawa ya dukani ninayoijua mimi.

Na hili halikutoka mbali, Mheshimiwa. Lilikuzwa Mbita, hapa ufuoni mwa Ziwa Victoria, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kwa ushirikiano na watafiti wa kituo cha kilimo cha Rothamsted kule Uingereza pamoja na watafiti wetu wa kilimo wa serikali, kuanzia miaka ya 1990. Wakaliita vuta-sukuma. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za nepia au brachiaria huzungushwa pembeni kama ua. Nondo wa bungua, wale ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi, huvutwa na majani ya pembeni wakatagie huko, na viwavi wengi hufia kwenye utomvu wa nepia. Jinsi desmodiamu inavyowazuia wadudu, wanasayansi bado wanabishana: wapo wanaosema ni harufu yake inayowafukuza, na wapo walioonyesha kwamba vinyweleo vya majani yake huwanasa viwavi wachanga. Wabishane tu. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, mimi napokea msaada wowote.

Nilianza na robo ekari, misimu minne iliyopita. Msimu wa kwanza sikuona kitu, na nitarudi hapo kwa sababu ndipo wengi tunapokatikia tamaa. Msimu wa tatu niling'oa shina moja makusudi nitazame mizizi. Ilikuwa na vifundo vidogo kama punje za mtama. Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa na wekundu kama ufizi wa mtoto. Wekundu huo ni dalili kwamba bakteria waliomo wako kazini, wananasa nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Nashukuru kwa mbolea ya ruzuku, imetubeba. Lakini mbolea ya gunia hulazimu kununuliwa tena kila msimu, na kayongo hupenda sana udongo uliochoka. Desmodiamu hukaa shambani miaka, inafunika udongo jua lisiukaushe, inaulisha, na bado naikata nikampe ng'ombe. Ng'ombe wangu huichambua kwanza kwenye hori na kuiacha nepia nyuma.

Sasa nieleze kinachotukwamisha, maana kuusifu mmea hakutoshi.

Kwanza ni mbegu. Nilizunguka maduka ya pembejeo matatu kabla ya kupata kifuko kidogo, tena kwa bei iliyonifanya nifikiri mara mbili. Ukiipata, ni ndogo mno. Inahitaji udongo uliolainishwa vizuri, na usipoichanganya na mchanga au mbolea ya fosfeti huwezi kuisambaza sawasawa kwenye mfereji. Kisha inaota polepole. Majuma matano ya mwanzo inafanana na magugu na inamezwa na magugu. Jirani yangu, mama mjane, alijinyima akanunua mbegu, akapanda vizuri. Alipokwenda kliniki na mtoto, vibarua walilima mistari yote wakidhani ni magugu. Hakukuwa na afisa wa nyanjani wa kumwelekeza yeye wala wao. Leo ukimtajia desmodiamu anageuza uso.

Pili ni ardhi. Anayekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda mmea utakaomnufaisha mwenye shamba. Na baada ya mavuno, ng'ombe wa kijiji kizima huachiliwa wazurure. Desmodiamu yako huliwa mpaka mizizini. Haya hayatatuliwi na mbegu peke yake, na mtu akikuambia vuta-sukuma inamfaa kila mtu, usimwamini.

Ombi langu, Mheshimiwa, lina msingi. Katiba ya 2010 iliweka kilimo mikononi mwa kaunti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Naomba humo desmodiamu iwe na kifungu chake chenye fedha, isifichwe ndani ya maneno "pembejeo mbalimbali". Fedha hizo zinunue mbegu kwa ajili ya vitalu vya vikundi vya wakulima, maana desmodiamu huota pia kwa marando, kama viazi vitamu. Kikundi kikishika kitalu kimoja, wanachama hukata marando na kugawana mvua inaponyesha, na suala la bei linabaki kwa kitalu cha kwanza tu.

Fedha nyingine ziende kwa mafuta ya pikipiki za maafisa wa nyanjani, wafike shambani wiki ya 3 na wiki ya 5 baada ya kupanda. Siku nyingine zozote wanaweza kukosa. Wiki hizo mbili ndizo za palizi ya mkono, ndizo zinazoamua kama mmea utashika au utafyekwa. Na kuhusu mifugo inayozurura na mashamba ya kukodi, tuitie kikao na machifu na wenye mashamba kabla ya mavuno, tukubaliane namna ya kukodisha kwa misimu mitatu au minne badala ya mmoja. Kikao hicho hakihitaji bajeti kubwa.

Mimi ninayo marando ya kuanzia. Robo ekari yangu inaweza kutoa ya vitalu viwili, pengine vitatu, na sihitaji kulipwa. Ninachoomba ni gari la kuyabeba siku hiyohiyo yatakapokatwa, asubuhi na mapema, yakiwa yamefunikwa kwa magunia mabichi, na mashimo yawe yamechimbwa tayari kule yanakokwenda.

Wako,
Mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe wawili