Bhuj: kabla hatujapanda mlimani

Hamjambo wanakikundi,

Mliouliza mbona tunalala Bhuj badala ya kwenda moja kwa moja Mandvi: Mandvi, bandari ya Kutch kule Gujarat, India, ndiko majahazi yalikotweka tanga kuja Zanzibar na Mombasa, lakini aliyetawala pwani ile alikaa Bhuj. Rao (yaani mtawala) Khengarji wa Kwanza aliifanya Bhuj mji mkuu wa Kutch mwaka 1549.

Ngome ya kilima cha Bhujia ilikuja baadaye sana. Rao Godji aliianza mnamo 1715 kwa hofu ya majeshi ya Wamughal, waliotawala sehemu kubwa ya India, mwanawe Deshalji akaimaliza. Kazi haijapoa, huyo Sher Buland Khan, liwali wa Wamughal huko Gujarat, kaingia! Husimuliwa kwamba masadhu wa Naga, watawa wapiganaji wa Kihindu, walijipenyeza ngomeni wakijidai wanakwenda kumwabudu nyoka wa kilimani, kumbe wamekuja kumsaidia Deshalji. Hekalu la nyoka bado lipo, na kila Nag Panchami, sikukuu ya Kihindu ya kuabudu nyoka, hufanyika sherehe. Mwaka 1819 Waingereza waliitwaa ngome.

Tutakapokuwa kule, naomba utani upungue. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliua maelfu ya watu wilayani Kutch, na kilima hicho hicho sasa kina bustani ya kumbukumbu, Smritivan, yenye majina yao.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukutane mapokezi. Viatu vya kufunga, tafadhali, ndara nimeshazikataa. Kila mtu na maji yake. Bibi na Mzee Hamisi watabaki chini na dereva, chai ipo.