Gari la dizeli limezima na limegoma kuwaka: tuambie kwanza lilizimaje

Simu nyingi tunazopokea hapa gereji, Tabora, zinaanza hivi: "Fundi, gari limezima, haliwaki, nipo njiani." Anayepiga yupo barabara ya Sikonge au upande wa Urambo, jua linawaka, abiria wameshuka na kukaa chini ya mti. Anategemea tumuulize ni gari gani. Sisi tunamuuliza kwanza: lilizimaje?

Wengine huona tunawapotezea muda. Lakini jibu la swali hilo ndilo linalotuonyesha tuanzie wapi, na limeshawaokolea wateja wetu pesa nyingi. Gari lililokata ghafla, linavuta vizuri kisha kimya kama taa iliyozimwa, lina ugonjwa wake. Gari lililoanza kukosa nguvu kwenye mwinuko, likasuasua, likarukaruka, ndipo likazima, lina ugonjwa mwingine kabisa. Ukisema tu "haliwaki", umetupa mwisho wa habari bila mwanzo wake.

Dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama petroli. Tangu Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake huko Ujerumani mwaka 1897, kanuni ni ile ile: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa zaidi ya nyuzi 500, kisha dizeli inapulizwa humo kama ukungu na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo injini ikigoma, maswali si mengi. Inazunguka kwa kasi ya kutosha? Hewa inabanwa? Dizeli inafika, tena kwa presha inayotakiwa? Na kwa magari ya kisasa, kompyuta imeruhusu nozeli, vile vipulizio vya dizeli kwenye silinda, zifunguke?

Hapo ndipo tunapomwomba mteja afanye jambo dogo kabla hatujatoka mjini. Mmoja apige stata kwa sekunde kama 10, mwingine asimame nyuma aangalie ekzosi. Ukitoka moshi mweupe au wa kijivu, dizeli inaingia ila haiungui. Tutakuja na mawazo ya hita plagi (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha), kubana kwa injini na taimingi, yaani dizeli kupulizwa kwa wakati wake. Usipotoka moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda, na sisi tutafuata njia ya mafuta au umeme unaoiamuru. Kwa kipimo hicho unahitaji macho tu.

Stata nayo isikilizwe. Ikizunguka kwa uvivu, anza na betri na vichwa vyake. Betri nzima iliyotulia inasoma volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, imechoka. Ila stata ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, laini, bila ule mdundo wa kubana, acha papo hapo. Huenda taimingi belti, mkanda unaofungua valvu kwa mpangilio na mwendo wa pistoni, imekatika, na kila mzunguko unaoongeza unaweza kugonganisha valvu na pistoni zaidi. Hilux na Prado za injini za 1KD na 2KD zina belti, na Land Cruiser za 1HZ vilevile. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT inayokuja kukukumbusha muda wa kuibadilisha. Tunaona magari yanayotembea na taa hiyo mwaka mzima. Tafadhali usiizoee.

Lililosuasua kabla ya kuzima

Hapa tunafikiria mafuta, na tunaanza na kitu cha bure. Fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu kuingia ndani, na baada ya hapo gari likawaka, kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba na pampu ilikuwa inanyonya tenki lisilopumua.

Kinachofuata ni filta. Fungua koki ya chini na umwage kidogo kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, uiache itulie dakika 10. Kama kuna maji, yatakaa chini na dizeli juu, na mstari kati yake utauona wazi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Miezi ya mvua huku kwetu, Novemba mpaka Aprili, tunakuta maji mara nyingi, hasa kwa wanaonunua mafuta ya madumu vijijini ambako sheli ziko mbali. Hatumlaumu mtu aliyekwama Ipole usiku akanunua dumu. Tunachoomba ni achuje, aache litulie, na yale ya chini kabisa asiyamimine.

Maji yanaua kwa sababu pampu ya presha kubwa na nozeli hazina mafuta mengine ya kuzilainisha isipokuwa hiyo hiyo dizeli inayopita ndani yake. Mafuta ya taa yaliyochanganywa yana madhara hayo hayo, ni mepesi mno. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na dizeli na tamaa ya kuchanganya ipungue, lakini bado tunafungua pampu zilizokwaruzika ndani kama zilisuguliwa kwa msasa.

Halafu kuna hewa, na hili tutalieleza kwa gari moja.

Mzee mmoja alileta pikapu yake hapa ikivutwa na Fuso kutoka upande wa Kaliua, wakati wa masoko ya tumbaku. Alikuwa ameshanunua betri mpya, akabadilishiwa filta, kisha akauziwa nozeli nne za mtumba. Kila matengenezo yalimpa siku mbili tatu, kisha gari likawa lile lile: likilala, asubuhi linapigwa stata mpaka betri inakata, na safari nyingine linazima njiani. Kompyuta ilionyesha presha ya mafuta ndogo, basi, na kwa andiko hilo mafundi waliotangulia walikuwa wanajiandaa kumuuzia pampu.

Tukamkalisha. "Mzee wangu, likizima, tenki linakuwa na mafuta kiasi gani?"

Akafikiri. "Sasa unavyoniuliza, mwanangu, likiwa limejaa halijawahi kunisumbua. Ni likishuka nusu."

Hapo tulishapata njia. Tulikata mpira wa mafuta kabla ya pampu na kuunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani, urefu wa shubiri moja. Tukapiga stata. Dizeli ilipita na vipovu vidogo vikifuatana, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Tukarudi nyuma kipande kwa kipande mpaka chini ya klipu moja karibu na filta, ambako mpira ulikuwa umekauka na kupata ufa mwembamba kama unywele. Kwa nje hapakuwa na tone hata moja, na ndiyo maana hakuna aliyeuona: upande huo pampu inanyonya, kwa hiyo hewa huingia bila dizeli kutoka. Tenki likijaa, pampu hainyonyi kwa nguvu sana. Likishuka, inavuta zaidi na ufa unapitisha hewa. Gari likilala usiku kucha, dizeli inarudi tenkini.

Tulifunga mpira mpya na klipu mbili. Zile nozeli zake za zamani alikuwa amezihifadhi kwenye kiroba, tukazipima, zilikuwa nzima, tukamrudishia. Za mtumba alifungiwa bila namba zake za utambulisho kuingizwa kwenye kompyuta ya gari, wakati nozeli za injini yake zinahitaji hivyo ili kila moja ipimiwe kiasi chake cha dizeli. Mpira ulikuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyonunua. Ilituuma, kwa sababu ile pikapu ndiyo inayosomesha wajukuu wake.

Lililokata ghafla

Hili kwa kawaida ni umeme. Kwenye gari la pampu ya zamani kama 1HZ, kuna swichi ndogo ya sumaku juu ya pampu inayofungulia dizeli ukiwasha ufunguo. Washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize: inatakiwa kulia "tak". Ikiwa kimya, angalia fyuzi na waya wake kabla ya kitu kingine. Magari yanayolala chini ya miembe yetu hapa mjini yanatembelewa sana na panya, na waya mmoja uliotafunwa unatosha.

Kwenye magari ya kisasa, tunayemshuku kwanza ni sensa ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ile inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Ikikata, kompyuta inafunga dizeli mara moja. Tabia yake inajulikana: inakufa ikiwa ya moto na kufufuka ikipoa. Dereva anasimama nusu saa, anakunywa maji, anajaribu, gari linawaka, na anaamini lilikuwa limechoka. Wakati linagoma, piga stata huku ukiangalia mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye magari mengi mshale ukilala sifuri bila kutikisika, sensa hiyo haisemi kitu. Sisi tunaipasha moto kwa drayeri ya nywele huku mita imeunganishwa, na mara nyingi tunaona usomaji unakatika mbele ya macho ya mteja. Hapo anaona mwenyewe anachokilipia.

Angalia pia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Ikipepesa wakati wa kuwasha, huenda gari halijautambua ufunguo wako, na hata ukibadilisha pampu hiyo shida itabaki palepale.

Likiwaka asubuhi, likigoma likiwa la moto

Hawa ndio wagonjwa wanaotuchukua muda mrefu. Mshale unatikisika, hakuna hewa kwenye mafuta, filta mpya, ila likizimwa likiwa la moto haliwaki mpaka lipoe. Dizeli ya moto inakuwa nyepesi, na pampu au nozeli zilizolika zinaivujisha ndani kwa ndani. Gari la kisasa linahitaji presha ya baa (kipimo cha presha) 200 hivi kwenda juu kwenye reli, bomba linalogawa dizeli kwa nozeli zote, ndipo kompyuta ifungue nozeli. Likipiga stata na kompyuta ikasoma 120, litazunguka mpaka betri iishe.

Hatusemi "pampu imekufa" kwa kuona namba hiyo tu. Tunatoa mipira ya marejesho ya nozeli, inayorudisha dizeli iliyozidi, na kuning'iniza chupa nne ndogo, moja kwa kila nozeli, kisha tunapiga stata. Chupa tatu zikiwa na kidogo na ya nne ikakaribia kujaa, mwenye kosa tumempata, na pampu haina hatia. Zote zikiwa na kidogo sawasawa, tunaangalia valvu ya kurekebisha mafuta nyuma ya pampu. Kwenye pampu nyingi za kampuni ya Denso valvu hiyo inabadilishwa peke yake. Inatusikitisha kila tunapopokea mtu aliyeuziwa pampu nzima kwa sababu yake.

Ukiwa bado barabarani, mambo machache tunakusihi usiyafanye. Usipulize spreyi ya kuwashia wala kuweka kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa. Hita plagi zikiwa za moto, mlipuko unaweza kupasua pistoni. Usimruhusu mtu afungue mabomba ya chuma ya nozeli kwenye gari la kisasa huku stata inazunguka. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo lakini ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Pia usiunguze stata: sekunde 10, kisha uiache ipoe dakika moja.

Kupima kwetu kuna bei yake, na tunakutajia kabla hatujagusa boliti. Spea tuliyoitoa ni yako, utaondoka nayo. Ukija na gari limevutwa, usimwage dizeli iliyobaki tenkini, na filta uliyobadilisha njiani usiitupe. Ifunge kwenye mfuko uje nayo. Tutaikata na kuifungua karatasi yake mbele yako. Kutu inatupeleka kwenye tenki na maji. Utelezi mweusi unatupeleka kwenye mafuta yaliyokaa muda mrefu. Na tukikuta unga wa chuma unaong'aa kwenye mikunjo ya karatasi, ujue pampu inajisaga yenyewe, na tutakushauri usipige stata hata mara moja zaidi mpaka tuifungue.