Kabla hujaifungua hiyo Massey

Babati

Rafiki yangu,

Natumaini nyote ni wazima. Mzee mpe shikamoo yangu.

Nimesoma habari za trekta yenu, Massey 135, na kwamba mnataka kuifungua klachi chini ya mwembe. Jembe likizama injini inanguruma lakini matairi hayasogei. Ni kweli klachi inateleza. Hata hivyo, kabla ya kushika spana, bonyeza pedeli ya klachi kwa mkono. Kama haina mchezo wowote pale juu, rilizi beringi, ile beringi inayosukumwa na pedeli ili kuachia klachi, inasukuma vidole vya klachi muda wote na pleti, zile sahani za msuguano, haziwezi kubanwa. Rekebisha ile fimbo ya pedeli, kisha ulime mistari michache. Ikiendelea kuteleza, ndipo ufungue. Klachi iko kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo kuifikia lazima trekta iachanishwe katikati.

Kinachoninyima raha ni huo mwembe. Kivuli ni kizuri, ila udongo wa pale ni laini, na trekta hii ikiachana katikati hakuna nusu inayosimama yenyewe. Injini italalia nyuma, giaboksi italalia mbele. Nakusihi uipeleke kwenye sakafu ya zege, hata kama ni ghala la jirani. Ekseli ya mbele inachezea kwenye pini moja, kwa hiyo gongea kabari za mti mgumu pande zote mbili, la sivyo injini itapinduka ubavu. Injini iweke juu ya magogo imara. Jeki ya magurudumu iwe chini ya giaboksi, na nusu ya nyuma isukumwe irudi kwa matairi yake makubwa. Mtu yeyote asiingize mguu katikati.

Kabla ya hapo toa betri, nyaya, mipira ya dizeli, fimbo za usukani na zile zinazoshika ekseli. Piga picha kila waya kwa simu. Ukitoa bolti za kuunganisha injini na giaboksi, acha mbili za pembeni hadi mwisho, na mahali pa nyingine mbili weka stadi ndefu, zile bolti zisizo na kichwa, zikuongoze wakati wa kurudisha. Giaboksi isining'inie kwenye shafti yake inayoingia kwenye klachi hata dakika moja, itapindisha pleti katikati.

Kama yenu ina klachi ya hatua mbili, ambayo pedeli ikifika nusu trekta inasimama na ikifika chini kabisa PTO, ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine, nayo inasimama, utakuta pleti mbili, kubwa na ndogo, na shafti moja ndani ya nyingine. Piga alama ya nukta kwenye kava ya klachi na kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo kava imefungwa juu yake, na uangalie kila pleti imetazama wapi. Springi zake ni kali. Legeza bolti za kava kwa kupishana, kidogo kidogo. Lile vumbi jeusi msilipulize kwa kompresa! Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Lilowesheni maji, mfute kwa kitambaa.

Pitisha kidole chini ya shafti. Ukikuta oili ya giaboksi, oili sili inayoizuia imekwisha, na pleti mpya zitalowa kama hizo za zamani. Sili ni bei ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kufungua tena. Badilisha pia rilizi beringi, pamoja na ile beringi ndogo ndani ya flaiwili.

Wakati wa kurudisha, mafundi wengi huvuta kwa bolti pengo likibaki. Usikubali, hapo ndipo kengele ya giaboksi, ile sehemu ya mbele inayofunika klachi, inapopasuka. Pengo likibaki, meno ya shafti na ya pleti hayajapatana. Weka PTO kwenye gia, mmoja azungushe shafti yake kule nyuma taratibu huku wengine wakisukuma. Itaingia yenyewe.

Pleti usinunue bado. Ukishazitoa, hesabu meno ya katikati, pima upana, unitumie. Dukani hapa ziko za aina nyingi na kwa macho zinafanana. Nitazichagua mwenyewe nikupakilie kwenye basi.

Wasalimie watoto.

Rafiki yako