Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na namba za sensa, Eldoret na Uasin Gishu

Wanachama wenzangu hamjambo. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea, ya vikao katibu anayo, mimi nafasi yangu naitumia kwa kitu kimoja tu kilichotusumbua mwaka mzima, nacho ni hesabu ya watu wetu.

Kila tukienda mkutano wa bajeti kuna mtu anasimama anasema Eldoret ina watu milioni moja, na hapo hapo hoja yetu inaanguka kwa sababu mwenye faili anajua si kweli. Milioni na zaidi ni kaunti nzima. Sensa ya Agosti 2019 ilipata watu 1,163,186 Uasin Gishu yote, na mji wa Eldoret 475,716. Tafadhali zishikeni hizo.

Sasa angalieni, maana hii ilinishtua kweli. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na 894,179 na mji 289,380. Kwa hiyo miaka kumi kaunti imeongeza watu 269,007 na kati ya hao 186,336 wako kwa hesabu ya mji, karibu asilimia 70 ya ongezeko lote! Hao wote wanachota maji wapi, watoto wao wanabanana wangapi kwa dawati moja? Ukipita mitaa yetu ya Langas ama Huruma jioni huhitaji kuuliza.

Hata hadhi ya jiji tuliyopata Agosti 2024 ilitegemea namba. Sheria ya miji na majiji ya 2011 ilitaka watu 500,000, isingebadilishwa 2019 ikashuka hadi 250,000 tungekosa kwa watu elfu 24 na kitu.

Halafu kuna mipaka, na hapa ndipo wengi wetu tunachanganyikiwa. Hakuna kaunti ndogo inaitwa Eldoret. Jiji limegawanyika, sehemu iko Turbo, sehemu Kapseret, sehemu Ainabkoi na kadhalika. Kwa sensa hiyo ya 2019 Turbo ilikuwa na watu 267,273 na Kapseret 198,499, lakini ndani ya hizo kuna ploti za ghorofa na kuna mashamba ya mahindi, sasa ukiomba zahanati ya mtaa wako na namba ya jiji zima ama ya Turbo yote unaonekana hujajipanga. Matokeo ya 2019 yalichapishwa mpaka lokesheni ndogo, yaani eneo la chini kabisa la utawala, kwa hivyo kamati imeamua kila barua yetu itaanza na hiyo namba ndogo.

La mwisho ni sensa ijayo, 2029. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wanafunga safari waende ushago wahesabiwe huko, eti ndio nyumbani. Ndugu zangu, sensa inahesabu mtu pale alipolala usiku ule. Ile fomula ya tatu ya kugawia kaunti pesa iliweka asilimia 18 kwa idadi ya watu, na hata ndani ya kaunti mtaa wenye watu wachache kwa karatasi ndio unaachwa nyuma. Unaishi Langas mwaka mzima, barabara ya Langas ndiyo unakanyaga, lala Langas usiku huo.

Wawakilishi wa mitaa, kabla ya mkutano wa bajeti unaokuja kila mmoja aje na namba ya lokesheni yake ndogo imeandikwa. Katibu atazipokea.