Mtani, kiti chako kipo Dodoma

Dodoma, Area C
Jumapili jioni

Mtani wangu wa Singida,

Salamu nyingi, na shikamoo zangu mfikishie mama. Barua yako niliipata Jumatano nikaisoma mara mbili kabla sijavua viatu. Unasema tangu uhamishiwe huko kitabu chako kimelala chini ya nguo sandukuni, na kwamba umeanza kuamini mchezo wetu wa mezani, wa kujifanya wahusika wa hadithi za angani za filamu na televisheni huku dadu zikiamua yatakayowapata, ni wa watu wa Dar peke yao. Hapana, mtani. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza hapa niliamini hivyo. Ofisi ilipohamia Dodoma niliacha Dar meza yetu ya Jumamosi, nikaja mji ambao wengi niliofahamiana nao walikuwa wahamiaji kama mimi, Ijumaa jioni kila mtu na begi lake anarudi kwa familia. Leo tuko watano mezani. Umeuliza nimewapataje, basi nakusimulia yote, maana sifurahii kabisa kusikia kitabu kile kimelala.

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno. Niliandika tangazo kwa mkono: "Wanatafutwa wachezaji wa Star Trek, Jumamosi saa nane mchana," nikaweka namba ya simu, nikabandika kwenye duka la steshenari ambapo wanafunzi wengi wa chuo hupiga fotokopi. Nilipigiwa simu tatu. Kijana wa kwanza akauliza timu ipo daraja gani na kama viatu anakuja navyo. Wa pili alidhani ni maigizo ya televisheni, akaanza kunitajia tamthilia alizowahi kushiriki. Wa tatu alitaka kujua ada ya watoto. Wote walikuwa sahihi. Kwetu ukisema mchezaji, mtu anaona uwanja na jezi. Nilikuwa nimeita kitu kwa jina ambalo tayari lina mwenyewe.

Baadaye kweli alijitokeza mmoja aliyeujua mchezo, kaka aliyesoma nje. Akaniambia anacheza Star Wars, ile hadithi nyingine ya angani, miaka mingi. Nilifurahi hadi nikapika pilau. Alipofika akamwaga dadu zake mezani na mimi nikamwaga zangu, tukabaki tunatazamana. Zake hazikuwa na namba hata moja, zilikuwa na alama tu, rangi mbalimbali. Yeye alikuwa na mchezo wa kampuni ya Fantasy Flight Games, uliotoka 2013. Mimi nilikuwa na ule wa West End Games wa 1987, kwenye nakala iliyochapwa upya, unaotumia dadu za kawaida za pande sita. Hadithi ileile, vyombo vilevile vya angani, lakini kanuni hazina hata undugu.

Tulipokuwa Dar hatukulijua hili kwa sababu vitabu vilikuwa vyako na sote tulisoma kimoja. Mwenye hadithi anaikodisha kwa kampuni ya michezo, kampuni inatunga kanuni zake, mkataba ukiisha jina linahamia kwa mwingine na kanuni zinaanza upya. Star Wars ilitoka West End ikaenda Wizards of the Coast mwaka 2000, ndipo ikafika Fantasy Flight. Star Trek ilikuwa kwa FASA mwaka 1982, ikapita Last Unicorn Games, ikapita Decipher, na tangu 2017 iko kwa Modiphius wa Uingereza. Kwa hiyo ukimpata mtu huko Singida akakwambia "nacheza Star Trek", muulize upole upole: ya nani? Utajiokolea pilau.

Lakini usidhani nayalaumu majina haya ya kukodi. Mimi nayapenda, na kuna jambo lililonifanya niyaheshimu zaidi. Timothy Zahn alipokuwa akiandika riwaya zake za Star Wars mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye hadithi walimtumia vitabu vya mchezo wa West End avitumie kama rejea. Yaani kazi ya watu waliokuwa wakitunga mchezo wa kukaa mezani iligeuka kuwa kumbukumbu ya ulimwengu mzima. Nikilifikiria hilo huwa nakifungua kitabu kwa mikono misafi.

Sasa sikiliza mambo yalivyogeuka. Asubuhi moja kwenye basi la wafanyakazi la kwenda Mtumba, dada wa idara nyingine alikuwa ameketi mbele yangu anatazama kipindi kwenye simu. Kwenye kioo nikaona sare nyekundu na uso ninaoujua. Nikainama nikamwuliza, "Yule si Uhura?" Akatoa kifaa cha sikioni akageuka mzima mzima. "Unamjua?" Nisimjueje ofisa wa mawasiliano wa Star Trek, jina lake limetoka kwenye uhuru wetu huu huu, na lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili. Dada akaniambia kwamba kwenye kile kipindi cha kwanza kurushwa, cha Septemba 1966, kuna mahali Uhura anasemeshwa Kiswahili, na yeye aliposikia alirudisha nyuma mara tatu kuhakikisha masikio yake. Tuliongea hadi Mtumba. Neno mchezo sikulitaja.

Siku ya tatu ndipo nilipomwuliza: "Ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti cha mawasiliano, umepokea sauti ya watu wanaoomba msaada, nahodha kalala mgonjwa, ungefanyaje?" Alinijibu kuanzia mzunguko wa kwanza mpaka tunashuka. Alitaka kujua wanaoomba msaada ni akina nani, wametumia lugha gani, na kama kuna mtoto analia nyuma ya sauti. Nikajua nimepata mtu wangu wa kwanza. Tangu siku hiyo nimeacha kabisa kutafuta wanaojua mchezo. Natafuta wanaolijibu swali lile kwa macho kuwaka. Kanuni zitafundishwa jioni moja. Macho hayo, hapana, mtu anakuja nayo.

Na hapa ndipo jina la kukodi linapotusaidia kuliko mchezo uliotungwa upya. Ukimletea mtu ulimwengu asioujua, saa nzima inaisha unamweleza nani ni nani. Dada yule sikumweleza chochote. Alijua mlango wa chombo unavyofunguka na sauti unayotoa.

Wa pili ni Fundi, kijana anayetengeneza simu karibu na soko la Sabasaba. Nilimpelekea simu yangu iliyopasuka kioo nikakuta ukutani amebandika picha ya lile dubwana la Alien, filamu ya kutisha ya angani. Wa tatu ni Mwalimu, jirani yake dada, anafundisha fizikia sekondari. Huyu alikuja na swali moja tu, chombo kinachokwenda kasi vile kinasimamaje, na mpaka leo hajaridhika na jibu.

Wa nne hukumtarajia, hata mimi sikumtarajia. Ni mama mwenye nyumba wangu. Aliniona kwenye baraza napaka dadu rangi ya kucha akasimama kimya. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii haijawahi kuchezewa kamari." Nilimwelewa na sikubishana. Dadu kwetu zina jina baya, na watu wamepoteza mishahara. Nikamkaribisha Jumamosi aje akae aone kwa macho yake kama kuna hata shilingi mia itakayowekwa mezani. Alikuja na kiti chake mwenyewe.

Siku hiyo nilichagua mchezo wa Alien, ule wa kampuni ya Free League ya Sweden uliotoka 2019, kwa sababu una namna ya kuchezwa usiku mmoja ukaisha, kila mtu akiwa na siri yake kwenye karatasi. Mtu mgeni usimwombe miezi sita, mwombe jioni moja. Tena dadu zake ni zile zile za ludo zinazouzwa Majengo. Nyeupe ni za uwezo wako, na zile nilizopaka rangi nyekundu ni za woga. Sita ni ushindi kwenye dadu yoyote. Woga ukiongezeka unapewa dadu nyekundu zaidi, kwa hiyo kwa muda unakuwa hodari zaidi, damu inakimbia. Lakini moja ikitokea kwenye nyekundu, hofu inakupanda na mwili unaweza usikutii tena. Mtani, sijaona kanuni iliyoielewa hofu namna hii.

Fundi alikuwa kwenye korido ya chombo, mlango umekwama, na nyuma yake kitu kinakwaruza bati. Akarusha, akakosa. Akaamua kulazimisha, yaani kurusha tena, nikamwongezea nyekundu ya nne. Akazifunika kwa viganja vyote viwili, akapuliza, akazitupa. Moja ikazunguka pembeni ya meza peke yake, sote tukiifuata kwa macho, ikalala kwenye moja. Nikasoma jedwali la hofu: tochi imemdondoka. Kimya. Kisha mama mwenye nyumba, aliyekuja kukagua kamari, akasogeza kiti chake na kusema kwa sauti ya chini, "Asiiokote. Apapase ukuta, mlango utakuwa na kishikio." Alikuwa muuguzi miaka mingi, amestaafu, na usiku wa hospitali bila umeme anaujua kuliko sisi wote. Nilimpa karatasi ya mhusika palepale.

Baada ya hapo tulihamia Star Trek Adventures, na hiyo ndiyo tunayoendelea nayo. Mama ndiye mganga mkuu wa chombo. Utambuzi wake ni 11 na Tiba ni 5, jumla 16, kwa hiyo kila dadu ya pande ishirini ikimpa namba isiyozidi 16 ni ushindi, na akiipata moja inahesabiwa mara mbili. Dadu hizo hapa sijaziona dukani. Fundi alikusanya vizibo ishirini vya soda, akaviandika namba ndani kwa kalamu ya wino mzito, tunavichota kwenye kikopo na kukirudisha kila kimoja kabla ya kuchota tena. Karatasi za wahusika nilizifasiri zote, maana lugha ya kitabu ilikuwa inawafunga midomo. Neno lililotushinda kwa muda ni ile nguvu ya mtu kuingia chumbani watu wakageuka. Mama akasema hiyo ni Haiba, tukaandika Haiba.

Ushindi unaozidi uliohitajika haupotei, unaingia kwenye akiba ya wote, mwisho sita. Tumeweka kete sita za bao kwenye bakuli katikati ya meza. Yeyote anaweza kuchukua, na sijawahi kumwona mtu akichukua bila kuwatazama wenzake kwanza.

Kikwazo chetu kikubwa ni kazi. Bunge la bajeti likianza Aprili, mpaka Juni dada na mimi hatuonekani. Mchezo huu una dawa yake: nafasi ya mhusika asiyekuwepo inaweza kushikwa na baharia wa kawaida wa chombo kwa siku hiyo, na baharia huyo anabaki kwenye orodha, anaendelea kukua. Tuna baharia mmoja aliyezaliwa kwa sababu ya bajeti na sasa anapendwa kuliko nahodha.

Yule kaka wa dadu za alama nitakwambia ukweli, sikufanikiwa kubaki naye. Alikuja mara mbili. Alijua kila tarehe ya kila vita angani, na kila Mwalimu au Mama walipofungua mdomo aliwasahihisha. Mara ya pili nikaona Mama amenyamaza saa nzima. Nilimtoa kaka nje nikamwomba kwa heshima: kitabu kinatupa bahari, chombo tunakiendesha sisi, akikosea Mama bahari haitakauka. Alinisikiliza, akaaga vizuri, hakurudi. Inaniuma bado, kwa sababu anaupenda ulimwengu ule pengine kuliko mimi. Ila nikichagua kati ya maarifa yake na sauti ya Mama, ningechagua vilevile kesho.

Kwa hiyo huko Singida usibandike tangazo. Tega sikio ofisini, kwa kinyozi, kwenye basi, ujue nani anatazama nini. Mkutane mara ya kwanza mahali pa wazi, mchana, mmalize kabla ya magharibi ili hata dada wa watu arudi kwao bila wasiwasi. Sisi na Mwalimu tulionana kwanza kwenye viti vya Nyerere Square ndipo nikamwonyesha nyumba. Na kama umeishiwa hamu ya kusoma kitabu kizima, Modiphius wanatoa kijitabu cha kuanzia bure cha Star Trek. Pakua hicho, kina wahusika tayari.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi panda basi uje. Chumba cha mbele kipo wazi, na Mama ameshaulizia unakula nini. Nimekuandalia mhandisi wa mitambo. Mwalimu anamsubiri kwa hamu, ana maswali kuhusu breki. Kitoe kitabu sandukuni, na usisahau dadu zako za pande ishirini. Kizibo cha namba saba kimeanza kushika kutu, sasa tunakijua hata kwa kukipapasa.

Ni mimi, mtani wako.